Elimu Nyingi, Nchi Moja: Historia ya Utafiti katika Kitui na Makueni

Ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizochunguzwa na wataalamu wa namna nyingi kama nchi ya Ukambani. Wanaisimu, wanahistoria, wachunguzi wa mila, wataalamu wa udongo, wa maji, wa mbegu na wa magonjwa wote wamepita Kitui na Makueni, kila mmoja na daftari lake na maswali yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nchi yenyewe haikupata kugawanyika jinsi zilivyogawanyika idara za vyuo vikuu, na kwamba kila taaluma moja ilipodai kuieleza peke yake, gharama ya upungufu huo iliwaangukia wenyeji. Yafaa ikumbukwe tangu mwanzo kwamba Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Kwa hiyo mengi yaliyoandikwa juu ya Machakos kabla ya mwaka huo yanaihusu Makueni pia, hata pale ambapo jina lake halikutajwa.

Mgawanyiko huo wa elimu haukuwapo mwanzoni. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, alifika Kitui mwishoni mwa 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Tarehe 3 Desemba ya mwaka huo aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Kabla hajauona alikuwa amekwisha kuelezwa habari zake na Kivoi, na jina alilolipeleka Ulaya lilikuwa jina kama lilivyotamkwa na Wakamba. Wanajiografia waliokaa London, W. D. Cooley akiwa mmojawapo, walikataa kusadiki kwamba pana theluji karibu na ikweta. Lakini aliyekuwa amesikiliza lugha ya watu ndiye aliyekuwa na haki. Mwaka 1850 Krapf huyo huyo alitoa msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwemo, pamoja na tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Safari yake ya pili, mwaka 1851, iliishia katika msiba: msafara ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika kwa shida. Kwa mtu huyo jiografia, isimu na habari za biashara zilikuwa kazi moja. Haikuwa hivyo kwa sababu ya nadharia yoyote. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia sehemu iliyobaki.

Waliomfuata walianza kugawana. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, alichapisha historia ya Kitui mwaka 1913. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi miongoni mwa Wakamba mnamo 1911 na 1912, alitoa mwaka 1916 tasnifu yake ya Uppsala juu ya maisha ya Wakamba, kisha katika miaka ya 1920 na 1930 akachapisha ngano, vitendawili na methali zao katika lugha yenyewe. Kazi ya Lindblom ingali hazina kubwa, kwani aliandika juu ya ndoa, mifugo, dawa, nyota na ghala za nafaka kwa uangalifu ule ule. Hata hivyo, waliopewa madaraka juu ya udongo na ng'ombe miaka 20 baadaye hawakuonyesha kwamba walihitaji habari za namna hiyo.

Hapo ndipo palipotokea kosa la kwanza kubwa. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa kwa ukame, nzige na mmomonyoko. Taarifa ya Colin Maher ya mwaka 1937 ilieleza hali hiyo kwa macho ya mtaalamu wa udongo. Aliona mifugo mingi mno juu ya ardhi iliyochoka, na kwa kipimo cha udongo hakukosea. Lakini kipimo hicho hakikuweza kueleza kwamba ng'ombe ni mahari, akiba ya wakati wa njaa, na kifungo cha ujamaa. Wala hakikueleza kwamba nafasi ya malisho ilikuwa imebanwa na mipaka ambayo serikali yenyewe iliiweka. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni ili wasindikwe Athi River. Watu wengi, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao, walikwenda Nairobi kwa miguu wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wakitaka kuonana na Gavana. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini mpango wenyewe ukaachwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijaribu njia nyingine: vichaka vya Makueni vilivyokuwa na mbung'o vilifyekwa, na familia zikahamishiwa huko kutoka vilimani chini ya masharti mengi ya kilimo.

Kosa la namna hiyo si la wataalamu wa udongo peke yao. Isimu nayo ina lake, na jarida la lugha halina budi kulitaja. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alikuwa mkusanyaji wa ngano za Kikamba kabla ya kuwa mashuhuri kwa falsafa na theolojia. Katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alichambua njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akahitimisha kwamba wakati ujao katika fikira za Mwafrika hauvuki miaka miwili hivi. Kwa kuwa hakuridhika na maneno ya Kiingereza, aliazima mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwa njia hiyo maneno ya kawaida ya sokoni yakawa istilahi za falsafa duniani kote. Hoja yake ilipingwa na wanafalsafa kadhaa, na kwa haki. Kutokuwapo kwa njeo maalumu ya jambo la miaka 20 ijayo hakuthibitishi kwamba msemaji hawezi kulifikiria, kama vile uchache wa njeo katika lugha za Ulaya usivyothibitisha kwamba Mzungu hatofautishi jana na juzi. Hii si kudharau kazi yake. Mbiti aliijua lugha kuliko wapinzani wake wengi, na tafsiri yake ya Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, iliyochapishwa 2014, yatosha kuwa ushahidi.

Jibu lililo zito zaidi lilitoka shambani, wala halikukusudiwa kuwa jibu kwa Mbiti. Mnamo 1990 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kwa ushirikiano wa taasisi moja ya London na Chuo Kikuu cha Nairobi, walirudi katika wilaya ile aliyoiandika Maher. Walichukua picha zilizopigwa 1937, wakaenda mahali pale pale na kupiga nyingine mwaka 1991. Wakazi walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000, lakini vilima vilivyokuwa uchi vilikuwa na matuta na miti, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda. Watu waliodaiwa kutokuwa na wakati ujao wa mbali walikuwa wamechimba matuta ambayo faida yake huwafikia wajukuu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mwethya, yaani kundi la jirani wanaosaidiana kwa zamu, na aghalabu wengi wao ni wanawake. Mtindo mmojawapo wa matuta, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa.

Kitabu chao cha 1994 kilisomwa mno, pengine kupita kiasi, na wale waliotaka kuamini kwamba ongezeko la watu hujiponya lenyewe. John Murton, aliyefanya utafiti Mbooni, alionyesha mwaka 1999 kwamba nyuma ya wastani huo mzuri palikuwa na tofauti kubwa: waliokuwa na mshahara wa mjini waliweza kuiboresha ardhi, na wasiokuwa nao walizidi kurudi nyuma. Picha ya kilima haionyeshi ni nani mwenye shamba.

Lakini mahali ambapo mgawanyiko wa elimu ulionekana kuwa jambo la kufa na kupona ni katika habari ya mahindi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula cha karanga zilizoota kuvu, na wanakemia wakaigundua sumu iliyoitwa aflatoksini. Mwaka 1981 sumu hiyo ilidhihirika katika wilaya ya Machakos. Wagonjwa 20 wenye manjano walilazwa katika hospitali tatu, na 12 kati yao wakafa. Mahindi ya nyumba mbili zilizopatwa yalipopimwa, ya nyumba moja yalikuwa na miligramu 12 za sumu katika kila kilo na ya nyingine miligramu 3.2, ambapo ya nyumba zilizosalimika hayakuzidi 0.5. Taarifa ilitolewa 1982 katika jarida la matabibu la The Lancet, London. Ilikuwa taarifa kamili: chanzo kilitajwa, kipimo kilitajwa, chakula kilitajwa.

Baada ya miaka 23 watu walikufa tena, na kwa wingi zaidi. Kati ya Januari na Julai 2004 wagonjwa 317 waliandikishwa, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Wachunguzi wa Kenya na Marekani waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua. Walikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa kwa waliokula mahindi ya shamba lao wenyewe yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Katika masoko, zaidi ya nusu ya sampuli zilizopimwa zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni.

Maabara iliweza kusema ni sumu gani. Haikuweza kusema kwa nini mama wa Makueni alilaza mahindi mabichi karibu na kitanda. Sababu zake zilikuwa za jamii: mvua isiyotazamiwa iliyonyesha wakati wa kuvuna, njaa iliyofanya mavuno yafanywe mapema, na hofu ya wezi iliyofanya ghala ya nje, ikumbi kwa Kikamba, ionekane mahali pa hatari. Mwenye njaa hatupi debe la mwisho kwa sababu ameambiwa kwamba lina kitu asichoweza kukiona.

Sababu nyingine ilikuwa imetoka katika utafiti wenyewe. Katika miaka ya 1960 kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilizalisha mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakoma. Kwa wanambegu huo ulikuwa ushindi wa kweli, na wakulima waliupokea. Lakini mahindi yalipozidi kuenea yalichukua nafasi ya mtama na mawele katika nchi kavu, na kwa kawaida mahindi yaliyopigwa na ukame hushambuliwa na kuvu hii kuliko mawele. Hakuna aliyekosa kazi yake. Ila hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mbegu, ghala na ini la mtu kwa pamoja.

Baada ya 2004, na hasa baada ya wagonjwa wengine kutokea 2005 na 2006, kazi ya namna hiyo ilianza. Mwaka 2007 Claudia Probst na wenzake walionyesha kwamba kuvu iliyotawala katika mahindi yenye sumu ilikuwa ya aina moja ya pekee, itoayo sumu kwa wingi. Watafiti wakatafuta ndani ya Kenya yenyewe kuvu za jamii hiyo zisizo na sumu, ili zitangulie kushika shamba na kuzizuia zile za sumu. Dawa iliyotokana nazo, Aflasafe KE01, iliandikishwa 2015. Hunyunyizwa shambani wiki chache kabla ya mahindi kuchanua. Haifai kitu, hata hivyo, kwa mtu asiyejua kwa nini anainyunyiza, na haiwezi kumkaushia mahindi yake.

Katika hilo la mwisho, Tanzania imetangulia kwa hatua moja ndogo. Maradhi hayo yalipozuka Dodoma na Manyara mwaka 2016, Kiswahili cha huko kiliyaeleza kwa neno sumukuvu, ambalo kila asikiaye hutambua mara moja kwamba ni sumu na kwamba hutokana na kuvu. Nchini Kenya sumu hiyo aghalabu hutajwa kwa jina lake la Kiingereza, ambalo halimwambii mkulima lolote. Kwa Kitui na Makueni hata sumukuvu halitoshi, kwani mazungumzo ya ghalani hufanywa kwa Kikamba. Hapana budi yakusanywe maneno ambayo akina mama wa huko huyatumia kutofautisha punje iliyokauka na iliyopigwa jua juu juu tu, iliyooza na iliyochakaa, ya kuliwa na ya kutupiwa kuku. Juzuu za Lindblom ni mahali pazuri pa kuanzia, na Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichopewa hati yake 2013, kipo Kwa Vonza, ndani ya Kitui yenyewe, mahali ambapo mwanaisimu na mtaalamu wa kuvu wanaweza kwenda katika ikumbi moja siku moja.