Wine na ugomvi wa leseni wa 2002

Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, wenye kompyuta zisizokubali Windows 11 wamekuwa wakiitazama Linux. Wapenzi wa gemu wana swali lao: je, zana za kupachika modi (nyongeza zinazobadilisha gemu), kama Mod Organizer 2 inayotumiwa na wachezaji wa Skyrim, zitafanya kazi huko wakati zimetengenezwa kwa ajili ya Windows? Zinafanya kazi, na wa kushukuriwa kwanza ni Wine.

Mradi huo ulianzishwa 1993 na Bob Amstadt na Eric Youngdale. Mwaka uliofuata Alexandre Julliard alikabidhiwa uongozi, na anao hadi leo. Programu ya Windows inapoomba kufungua faili au kuchora dirisha, Wine hulipokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia za Linux.

Leseni yake ya mwanzo ilimruhusu yeyote kuchukua kazi hiyo, kuiboresha na kuyafungia kabatini maboresho yake. Kampuni ya Kanada, TransGaming, ilifanya hivyo. Ilichukua Wine, ikaiongezea uwezo wa kuendesha gemu zinazotegemea DirectX, teknolojia ya Microsoft ya kuchora picha za gemu, ikaiita WineX na kuwatoza wateja ada ya kila mwezi. Haikuvunja sheria yoyote, lakini waliojitolea miaka yote hiyo waliona jasho lao likirudi dukani likiwa na bei. Mjadala ukawa mkali. Machi 2002 Wine ikahamia leseni ya LGPL: ukiibadilisha na kuisambaza, sharti mabadiliko yako nayo uyaweke wazi. Waliopinga walijitenga na tawi lao, ReWind, ambalo halikufika mbali. Naamini Julliard na wenzake waliamua sawa, na inasikitisha kwamba wengi wanaofaidi uamuzi huo hawajawahi kulisikia jina lake.

Matunda ya kazi ya Wine yanaonekana kwenye modi. Kwa Windows, folda “Textures” na “textures” ni moja. Kwa Linux ni mbili tofauti. Wine hulazimika kuipekua folda ikitafuta jina linalolingana bila kujali herufi kubwa wala ndogo, la sivyo picha za modi zisingeonekana. Mod Organizer 2 nayo haizimwagi modi ndani ya folda ya gemu. Huidanganya gemu ione faili ambazo kwa kweli zimehifadhiwa kwingine. Ndiyo maana zana na gemu huendeshwa ndani ya mazingira yaleyale ya Wine, yenye diski C yake ya kuigiza.

Wine 1.0 ilitoka 2008. Kampuni ya Valve, yenye duka la gemu la Steam, ilileta Proton 2018, zana ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux iliyojengwa juu ya Wine, kisha kifaa cha mkononi cha gemu, Steam Deck, 2022. Agosti 2024 Microsoft yenyewe ikawakabidhi watu wa Wine mradi wa Mono, unaosaidia kuendesha programu za .NET, zikiwemo zana nyingi za modi.