Utangulizi Usio na Jina

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba ugomvi wa Kanisa na elimu ya nyota ulikuwa kati ya Roma na Galileo. Sisi Walutheri husimulia habari hiyo kwa utulivu, kana kwamba haituhusu. Inatuhusu, tena tangu miaka 90 kabla ya Galileo kuhukumiwa.

Mwaka 1539 kijana wa miaka 25, Georg Joachim Rheticus, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, alisafiri hadi Frauenburg, karibu na Bahari ya Baltiki, kumtafuta mzee Nicolaus Copernicus. Mzee huyo alikuwa kanoni wa kanisa kuu la Kikatoliki, naye kijana alitoka katika mji wa Luther mwenyewe. Hata hivyo alipokewa. Copernicus alikuwa na muswada mkubwa ulioeleza kwamba dunia hulizunguka jua, lakini alisita kuuchapisha.

Rheticus akafanya kazi ambayo wataalamu wengi huidharau. Aliyasoma mahesabu magumu ya mwingine, kisha akayaeleza kwa kifupi kwa mtu asiye bingwa. Kijitabu chake, Narratio Prima, kilichapwa Danzig mwaka 1540. Kilikuwa cha Kilatini, kwa hiyo mkulima hakukisoma. Lakini mwaka uliofuata kilichapwa tena huko Basel, na hatimaye mzee akakubali kuutoa muswada wake.

Rheticus aliupeleka kwa mchapaji Johannes Petreius, Nuremberg. Lakini alipata kazi Leipzig, na usimamizi ukabaki mikononi mwa Andreas Osiander, mchungaji wa Kilutheri, mmoja wa walioleta Matengenezo katika mji ule. Mwaka 1541 Osiander alikuwa amemshauri Copernicus kwa barua ayatoe mawazo yake kama njia ya kukokotoa tu, ili wanatheolojia watulie. Copernicus hakuufuata ushauri huo. Basi kitabu kilipotoka mwaka 1543 kilikuwa na utangulizi usio na jina, uliomwambia msomaji kwamba mawazo haya si lazima yawe kweli, wala hata yakaribie ukweli; yatosha hesabu zikubaliane na yanayoonekana angani. Msomaji angedhani ni Copernicus anayesema. Mwenyewe alifariki Mei mwaka huohuo. Rafiki yake, Askofu Tiedemann Giese, alikasirika na kudai marekebisho, bila mafanikio.

Osiander hakuwa adui wa kitabu. Alitaka kuondoa kikwazo. Sisi wachungaji tuliowahi kuulizwa na washarika habari za chanjo au umri wa dunia tunaijua hofu ile: tukisema yote, watakwazika. Tena wakati ule ushahidi wenye nguvu ulikuwa bado haujapatikana, na kusema hivyo si dhambi. Lakini kusema “mimi Osiander sijashawishika” ni jambo moja, na kutia shaka yako kinywani mwa mzee aliye kitandani ni jambo jingine. Amri ya Nane haiwaachi nje wachungaji wenye nia njema. Na ajabu ni hii: Kanisa lililokuwa limewapa watu wa kawaida Agano Jipya kwa Kijerumani chao mwaka 1522 sasa liliona kwamba wasomi wa Kilatini hawawezi kustahimili hoja ya mwanahisabati.

Aliyelitangaza jina la Osiander kitabuni mwaka 1609 alikuwa Mlutheri pia, Johannes Kepler, ambaye huko Tübingen alikuwa amesomea theolojia akitazamia uchungaji. Miaka mitatu baadaye alihamia Linz, na huko mchungaji akamnyima Chakula cha Bwana kwa sababu hakukubali kutia sahihi hati yote ya imani ya Kilutheri ya mwaka 1577. Katika mji huohuo aliandika kitabu cha kuwafundisha wanafunzi elimu ya nyota ya Copernicus, kilichotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1618 na 1621. Alikipanga kwa maswali na majibu, kama Katekisimo Ndogo.