Kung'amua si Kukisia

Kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili shuleni anaijua amri hii: eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu. Uzito wote umo katika maneno manne ya mwisho. Mwanafunzi anaweza kueleza vizuri kwamba kupanda ni kutia mbegu ardhini, na bado akakosa alama kwa sababu kifungu kilikuwa kinazungumzia bei ya sukari. Mtahini anataka kuona kama mtahiniwa amekubali kifungu kiwe mwamuzi.

Nidhamu hiyohiyo, ikipanuliwa kutoka neno moja hadi hoja nzima, ndiyo inayotawala sehemu ya ufahamu katika mitihani ya kuomba nafasi vyuoni. Kiingereza huiita inference. Sisi tumeipa majina kadhaa, na naamini mengi kati ya hayo humpeleka msomaji mahali pasipo. Neno ninalolipendekeza ni ung'amuzi, na ninalitetea kwa sababu ya jinsi kitenzi chake kinavyofanya kazi vinywani mwa watu.

Nitauchukua mtihani mmoja, LSAT, maana ndio unaolibana jambo hili barabara. Ulianza kutolewa mwaka 1948, na hutumika kuchagua wanafunzi wa vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada. Alama zake huanzia 120 na kuishia 180. Tangu Agosti 2024, baada ya mafumbo ya mantiki kuondolewa, una sehemu mbili za hoja fupi, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio ambayo haihesabiwi. Kila sehemu ni dakika 35. Katika dakika hizo, sehemu ya ufahamu humpa mtahiniwa seti nne: tatu zina kifungu kimoja kila moja, na ya nne ina vifungu viwili vifupi vya mada inayohusiana. Maswali yote ni kama 27, kila moja likiwa na machaguo matano. Ukigawa sawasawa, seti moja inapata dakika 8 na sekunde 45, kusoma na kujibu humohumo. Mada hutoka katika sheria, sayansi, sanaa na taaluma za jamii, na hakuna swali linalomdai mtahiniwa ujuzi aliokuja nao kutoka nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko saa. Mtu aliyesoma miaka mingi amezoea kusoma kwa kuongezea: anapokutana na jambo analolijua, hulijaza mwenyewe. Katika maisha ni sifa njema. Katika mtihani huu humgharimu, kwa sababu watungaji wanajua watu hujaza nini, nao huliweka lile la kujazia miongoni mwa machaguo.

Sasa turudi kwenye majina. Hitimisho lina kazi nyingine tayari. Kwa mwanafunzi ni aya ya mwisho ya insha. Kwa mwanamantiki ni kauli ambayo mwandishi ameijengea hoja. LSAT huuliza pia kuhusu hitimisho la namna hiyo, yaani jambo ambalo mwandishi amelisimamia waziwazi. Swali la inference huuliza jambo ambalo pengine mwandishi hakulitamka hata mara moja. Tukiyaita yote mawili hitimisho, mtahiniwa atakimbilia aya ya mwisho kutafuta jibu ambalo limejificha katika aya ya pili.

Makisio ni mabaya zaidi. Tunasema makisio ya bajeti, makisio ya mavuno, na kila anayeyatoa ana ruhusa ya kukosea. Ukimwambia mwanafunzi akisie mwandishi alikuwa na maana gani, umemfungulia mlango wa kuleta lolote linaloelekea kuwa kweli. Dokezo ni neno zuri, lakini kudokeza ni kazi ya mwandishi. Mwandishi hudokeza, msomaji naye anafanya nini? Pengo liko hapo.

Msomaji hung'amua. Tazama kitenzi hiki kilivyo. Mtu anaweza kusema, "Nilikisia kwamba duka limefungwa, kumbe liko wazi," na hakuna atakayeshangaa. Lakini akisema, "Niling'amua kwamba duka limefungwa, kumbe liko wazi," msikilizaji atamsimamisha, maana sentensi imejivunja yenyewe. Huwezi kung'amua kisichokuwepo. Wala huwezi kung'amua kilichokwisha kutangazwa: hakuna anayesema ameng'amua kwamba leo ni Jumatatu baada ya kuambiwa kuwa leo ni Jumatatu. Kitenzi hiki kinataka jambo liwe la kweli, na kinataka liwe halikutamkwa mpaka akili ilipolifikia. Swali la inference hudai sifa hizohizo mbili kwa pamoja: jibu lithibitishwe na kifungu, na lisiwe limeandikwa humo neno kwa neno.

Mfano utalionyesha hili vizuri. Kifungu hiki nimekitunga kwa mtindo wa mtihani, na yaliyomo ni ya kweli:

Kwa miaka mingi watafiti kadhaa waliieleza miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki kuwa kazi ya wahamiaji kutoka ng'ambo. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980 umeupunguzia nguvu mtazamo huo. Chini ya mabaki ya nyumba za matumbawe zilipatikana tabaka za majengo ya miti na udongo, na katika tabaka hizo vigae vya vyungu vya kienyeji vilikuwa vingi mno kuliko vya kigeni. Hata hivyo, vigae vya kigeni havikukosekana hata katika tabaka za chini kabisa.

Swali: kutokana na kifungu, ni kauli ipi inayoweza kung'amuliwa? Chaguo la kwanza linasema waliojenga nyumba za matumbawe za Shanga walikuwa wenyeji. La pili linasema watafiti wa zamani waliupuuza kwa makusudi ushahidi uliopingana nao. La tatu, biashara na ng'ambo ilianza baada ya nyumba za matumbawe kujengwa. La nne, miongoni mwa majengo ya miti ya Shanga ulikuwemo msikiti. La tano, watu walijenga Shanga kabla ya kujengwa zile nyumba za matumbawe ambazo mabaki yake yalichimbwa.

Mpenzi wa historia ya pwani huvutwa na la kwanza, kwa sababu ndiko kifungu kinakoelekea. Lakini kifungu kimesema mtazamo wa zamani umepungua nguvu. Hakikusema nani aliyeyapanga mawe yale. La pili ni shutuma juu ya nia za watu, na nia hazikutajwa popote. La tatu linapingana na sentensi ya mwisho, kwani vigae vya kigeni vilikuwepo tangu chini kabisa. La nne ndilo mtego wa mjuzi. Ni kweli kwamba Shanga ulipatikana msikiti wa miti chini ya misikiti iliyofuata, na aliyesoma habari za uchimbaji ule analijua hilo. Ni kweli nje ya kifungu, na kwa hiyo si jibu. Linabaki la tano, kauli nyenyekevu inayoonekana kama haisemi kitu: tabaka la chini hutangulia la juu, majengo ya miti yalikuwa chini, basi yalitangulia. Hapo kuna ung'amuzi.

Naomba msomaji autazame unyenyekevu huo vizuri. Watahiniwa wengi hulikataa jibu sahihi kwa kuliona dogo. Wamefundishwa kwamba msomaji hodari huchimba maana ya ndani, maana ya ndani lazima iwe nzito, na ikiwa nzito ndiyo huonyesha akili. Mafunzo hayo yana mahali pake katika uhakiki wa fasihi, ambako msomaji hualikwa kuleta tajiriba yake mwenyewe. Mahakamani mambo ni mengine: hakimu anaweza kuwa amesikia mengi mtaani kuhusu kesi iliyo mbele yake, lakini hukumu yake itatokana na ushahidi uliowasilishwa. Mtihani wa kuingia chuo cha sheria unamtaka mtahiniwa akae kwenye kiti hicho.

Pana pingamizi la haki ambalo siwezi kulipita. Swali la LSAT haliulizi kila mara kinachoweza kung'amuliwa. Mara nyingi huuliza ni kauli ipi inayoungwa mkono zaidi na kifungu, au ni ipi ambayo mwandishi angeelekea kukubaliana nayo. Maneno kama zaidi na angeelekea yanaacha nafasi, na mtu anaweza kusema kwamba kitenzi kinachodai ukweli mtupu kimezidi kipimo. Ninalikubali kwa sehemu. Umbali kati ya kifungu na jibu huwa mkubwa kidogo katika maswali hayo. Lakini hata hapo jibu sahihi husimama juu ya sentensi unayoweza kuigusa kwa kidole, na yale manne mengine huhitaji dhana moja ya ziada ambayo mwandishi hakuitoa. Istilahi inayomkaza msomaji kupita kiasi kwa nusu hatua itamwokoa kwenye maswali mengi. Istilahi inayomlegeza itamwangusha kwenye mengi zaidi. Ndiyo maana nalishikilia neno hili.

Kwenye saa, shauri linalotolewa mara nyingi ni kusoma maswali kwanza, kisha kukipitia kifungu haraka kutafuta majibu. Kwa swali linalotaja mstari au jina, pengine linafaa. Kwa swali la ung'amuzi halisaidii, kwa sababu swali lenyewe halikuambii pa kutazama. Umeshasoma kwamba utaulizwa kinachoungwa mkono na kifungu, umepata nini? Heri dakika tatu hadi nne zitumike kusoma mara moja kwa makini, na makini yenyewe iwe juu ya nani anasema nini. Katika kifungu cha Shanga wapo wasemaji wawili: watafiti kadhaa wa zamani, na mwandishi. Kifungu cha LSAT chenye maneno mia nne na zaidi kinaweza kuwa na wasemaji wanne, na makosa mengi ni ya kumpa mmoja kauli ya mwingine. Maneno yanayogeuza njia, kama hata hivyo, ilhali, licha ya, ingawa, ndiyo ya kuyapigia mstari. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, na zana ya kupigia mstari imo ndani yake. Takwimu na majina ya kitaalamu yapite. Yakiulizwa, utayarudia, mradi unakumbuka yako aya gani.

Kwenye machaguo, jiulize kila mara: sentensi gani imenipa hili? Usipoweza kuionyesha, liache uende la pili. Maneno kama daima, kamwe, wote, pekee yanastahili kushukiwa, ila si kwa upofu: mwandishi akiwa amesema wote, jibu la wote ni halali. Na kwa kuwa LSAT haipunguzi alama kwa jibu lisilo sahihi, dakika ya mwisho hapasalii swali lililo tupu. Hapo, na hapo tu, kubahatisha kuna mahali pake. Kiswahili kimetupangia ngazi tatu zilizo wazi: anayebahatisha hana msingi, anayekisia ana msingi usiotosha, anayeng'amua amefika.

Aliyepitia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, ana mazoezi ya awali mengi kuliko anavyodhani. Karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, humpa saa mbili na nusu kwa alama 80, na ufahamu ni alama 15. Ukiigawa saa kwa alama, ni kama dakika 28 kwa taarifa moja. Mwendo huo ni wa taratibu mno ukilinganishwa na wa LSAT, na majibu huandikwa kwa sentensi, si kwa kuchagua. Lakini swali la ufupisho, lenye alama 15 vilevile, linafundisha jambo ambalo ufahamu wenyewe hauligusi sana: kutoa hoja za aya kwa maneno machache bila kuongeza yako. Mwalimu anayemwandaa kijana kwa LSAT angefanya vyema kumrudisha huko, ampe kifungu kigumu cha Kiingereza, amtake afupishe kila aya kwa sentensi moja, kisha wapitie pamoja kila neno lililoingia bila kualikwa na kifungu.

Ung'amuzi hupimwa kwa ukali zaidi katika ile seti ya vifungu viwili, iliyoingizwa Juni 2007. Kifungu A na kifungu B vinahusiana, lakini waandishi hawazungumzi wao kwa wao. Swali huuliza mwandishi wa A angesemaje kuhusu dai fulani la B. Jibu halimo katika A peke yake wala katika B peke yake, na bado haliruhusiwi kutoka nje ya vyote viwili. Njia ninayoiamini ni kumaliza A kabla ya kugusa B, ukaandika kwenye karatasi ya rasimu sentensi moja ya msimamo wake. Kisha usome B ukijiuliza, kila aya, kama mwandishi wa A amewahi kuligusa jambo hilo. Pale ambapo hakuligusa, hana maoni, na chaguo lolote linalompa maoni hapo lifutwe hata kama linaelekea kuwa jambo ambalo mtu wa aina yake angelisema.