Insha Mlangoni pa Chuo: Safari ya Somo Moja la Kiingereza huko Marekani

Kila ufikapo mwezi wa Mei, vijana zaidi ya nusu milioni katika skuli za sekondari za Marekani huketi kufanya mtihani wa lugha ya Kiingereza na utungaji ambao, wakiufaulu vyema, huwahesabia sehemu ya masomo ya chuo kikuu kabla hawajakanyaga ukumbi wa chuo chochote. Wenzao wengine hawangoji mtihani huo. Wao husoma mwaka mzima, ndani ya skuli yao na kwa mwalimu wao wa siku zote, somo lenye jina na muhtasari wa chuo kikuu fulani, na mwisho wa mwaka chuo hicho huwaandikia alama katika daftari lake. Njia zote mbili zinafika pahala pamoja: mwanafunzi anasamehewa somo la uandishi la mwaka wa kwanza, somo ambalo karibu kila chuo cha Marekani humlazimisha kila anayeingia.

Mpenzi wa ushairi aliye visiwani aweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ndani ya mitihani hii shairi limepewa kiti ambacho kwingineko limenyang'anywa. Yanatuhusu pia kwa sababu hapo ndipo tunapoona, kwa tarehe na kwa hesabu, jinsi sanaa ya kutunga ilivyogeuzwa kuwa kitu cha kupimwa, kuhesabiwa na hatimaye kusamehewa.

Tuanze mwaka 1874. Kabla ya hapo, aliyetaka kuingia chuo cha Harvard alitahiniwa Kilatini, Kigiriki na hesabu. Kiingereza kilihesabiwa kuwa lugha ya nyumbani, na nani atahiniwe lugha aliyonyonya kwa mama yake? Rais wa chuo, Charles Eliot, hakuridhika na hali hiyo. Mwaka huo Harvard iliagiza kwamba kila mwombaji aandike insha fupi ya Kiingereza juu ya maudhui yatakayotolewa katika vitabu vilivyotajwa mapema. Miongoni mwa vitabu hivyo zilikuwamo tamthilia tatu za Shakespeare: The Tempest, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita orodha hiyo bila ya kutabasamu. Takriban karne moja baadaye tamthilia hizo tatu zote zilikuwa zimekwishavaa kanzu ya Kiswahili: Tufani ya Samuel Mushi, na Juliasi Kaizari pamoja na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Nyerere. Hakuna aliyepanga ilingane hivyo. Ni kwamba vitabu vilivyochaguliwa kulinda mlango wa chuo kimoja huko Massachusetts vilikuja kuwa vitabu vya skuli katika ulimwengu mzima uliosomeshwa kwa Kiingereza, mpaka vikatufikia sisi.

Matokeo ya mitihani ile ya mwanzo yalikuwa fedheha. Vijana waliotoka katika skuli za fahari, waliokuwa wakifasiri Kilatini kama maji, walishindwa kwa makundi kuandika ukurasa mmoja wa lugha yao wenyewe. Adams Sherman Hill, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa profesa, ndiye aliyepewa mzigo wa kulitibu donda hilo. Dawa yake ilikuwa somo lililoitwa English A, ambalo mwaka 1885 liliwekwa katika mwaka wa kwanza. Wakati Eliot akivifungua vyuo kwa falsafa yake ya kumwachia mwanafunzi achague masomo apendayo, somo hili moja lilibaki kuwa la lazima. Kufika mwisho wa karne ya 19 ndilo pekee ambalo kila mwanafunzi mpya wa Harvard alilazimishwa kulipitia, na vyuo vingine vikaiga.

Hebu tuyatazame maisha ya walimu wa somo hilo. Mwanafunzi wa Harvard wa zama zile aliandika vijiinsha vya mara kwa mara, na katika darasa mashuhuri la Barrett Wendell vilikuwa vya kila siku. Kila kijikaratasi kilihitaji jicho la mtu na wino wa mtu. Ni kazi isiyokwisha na isiyo na sifa, na wasomi wakubwa waliikimbia mapema. Mwaka 1892 kamati ya watu watatu wa nje, mmoja wao Charles Francis Adams aliyewahi kuongoza kampuni ya reli, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya hali hiyo. Taarifa yao ilikuwa kali. Walichapisha maandishi ya wanafunzi yalivyo, pamoja na makosa yake yote, ili skuli zilizowatuma zione haya. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: chuo kinafanya kazi ya skuli. Mzigo huu urudishwe ulikotoka.

Haukurudi. Kulaumu mtu mbele za watu ni njia mbaya ya kumbebesha kazi. Somo la uandishi la mwaka wa kwanza lilizidi kuota mizizi kwa zaidi ya nusu karne, mpaka likawa kama bandari ambayo kila chombo lazima kitie nanga.

Lilipokuja kurudi skuli, lilirudi kwa mlango mwingine, limevishwa joho la heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vita vya Korea vilikuwa vikiendelea na vijana wakiandikishwa jeshini. Wakfu wa Ford uliweka fedha katika majaribio ya kufupisha masomo na kuondoa upotevu wa wakati. Skuli tatu za mabweni, yaani Andover, Exeter na Lawrenceville, zilikaa pamoja na vyuo vya Harvard, Princeton na Yale. Mwaka 1952 zikatoa ripoti iliyosema kwamba mwanafunzi bora hupoteza muda akirudia katika mwaka wa kwanza wa chuo yale aliyokwisha kuyasoma katika skuli. Wakati huo huo Gordon Chalmers, rais wa chuo kidogo cha Kenyon huko Ohio, alikuwa amevikusanya vyuo 12 na skuli kadhaa kuandaa mitaala na mitihani ambayo ingemruhusu mwanafunzi aingie chuoni akiwa amesogea mbele. Mwaka 1955 mpango huo ulikabidhiwa kwa taasisi ya College Board ukaitwa Advanced Placement, au AP kwa ufupi. Katika mitihani ya mwaka 1956 walitahiniwa wanafunzi 1,229 kutoka skuli 104. Kiingereza kilikuwa miongoni mwa masomo hayo tangu mwanzo.

Katika habari ya Kenyon kuna jambo ambalo wapenzi wa mashairi wangependa kulijua. Chalmers huyo huyo ndiye aliyemleta chuoni hapo, mwaka 1937, mshairi na mhakiki John Crowe Ransom, ambaye mwaka 1939 alianzisha jarida la Kenyon Review. Ransom na wenziwe walitufundisha, kwa wema na kwa ubaya, kulisoma shairi kama kitu kinachojitosha: maneno yaliyo ukurasani, mizani yake, taswira zake na migongano yake ya ndani, bila ya kumsaka mtunzi wala zama zake. Sisemi kwamba Ransom ndiye aliyetunga mitihani ya AP. Nasema kwamba usomaji wa namna hiyo ulikuwa ndio hewa ya madarasa ya Kiingereza katika miaka ile, na mtihani uliuvuta kama pumzi. Hadi leo mtihani wa fasihi wa mpango huo humpa mtahiniwa shairi ambalo huenda hajawahi kuliona, akatakiwa ndani ya muda mfupi aandike insha kueleza lilivyojengwa na linavyosema linalosema.

Ni zoezi zuri. Mtoto aliyelifanya mara ishirini hawezi tena kulisoma shairi kwa kurukaruka. Lakini mtu wa pwani atalitilia shaka pahala pamoja. Mchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, ukayaweka mbele ya mtahiniwa mashairi yake ya vita vya maneno baina ya Mombasa ya Mazrui na majirani zake. Vina ataviona na mizani ataihesabu. Kinachoyafanya yaume hatakiona, maana shairi lile lilikuwa jibu. Limeelekezwa kwa mtu, na mtu huyo alikuwa na jina na alikuwa na jahazi zake baharini. Ushairi wa kujibizana haufi ukitolewa katika baraza lake, ila hupoteza nusu ya sauti. Walioyahifadhi mashairi hayo, Mwalimu Sikujua na Padri William Taylor, walilijua hilo, na ndiyo maana kukusanya maneno matupu hakukuwatosha. Walitafuta na maelezo yake.

Turejee kwenye hesabu. Insha ikishakuwa fedha ya kununulia masomo ya chuo, lazima iwe na bei moja kila pahala, na hapo ndipo penye taabu. Mwaka 1961 watafiti watatu, Paul Diederich, John French na Sydell Carlton, walichapisha matokeo ya jaribio lililowatikisa wasahihishaji. Waliwapa wasomaji 53 wa fani mbalimbali insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazipange katika madaraja tisa kwa maoni yao wenyewe. Insha 101 zilipata madaraja yote tisa, yaani huyu kaiweka juu kabisa na yule kaiweka chini kabisa. Haikupatikana hata insha moja iliyopata madaraja pungufu ya matano tofauti.

Mtu mwingine angelichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba insha haipimiki, akaondoka zake. Wamarekani waliamua kuwafundisha wasomaji. Huwakusanya walimu wa skuli na wa vyuo kila mwaka mwezi wa Juni, wakawapa mifano ya insha iliyokubaliwa kuwa ya daraja fulani, wakajadiliana mpaka macho yao yakaanza kuona kitu kimoja, ndipo wakaanza kusahihisha kwa maelfu. Nakubali kwamba hali hiyo inaleta haki zaidi ya ile ya 1961. Swali langu ni jingine: makubaliano hayo yanatokana na ubora wa insha, au na mafunzo ya wasomaji? Baraza la malenga nalo lina makubaliano yake juu ya shairi jema, lakini katika baraza malenga mmoja aweza kusimama akapinga, na upinzani wake ukabaki ukikumbukwa. Kwenye meza ya kusahihishia, anayepinga huambiwa arudi kwenye mfano.

Mtihani wa lugha na utungaji ulitengwa na ule wa fasihi mwaka 1980, na huu wa lugha ndio uliokuja kuwa mkubwa kuliko wenziwe wote. Jambo hilo lina maana yake. Riwaya na mashairi yamesogezwa kando kidogo, na nafasi yake imeshikwa na hotuba, makala na hoja.

Njia ya pili, ile ya somo lenyewe kufundishwa skuli kwa jina la chuo, haikupata sifa kama AP, na mimi naiona kuwa ndiyo bora. Chuo Kikuu cha Connecticut kiliianza mwaka 1955. Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kiliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya wakuu wa skuli za jirani kulalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakishajua watakwenda chuo gani, hukaa tu wakihesabu siku. Mpango wake uliitwa Project Advance. Mwalimu wa skuli huenda chuoni kufunzwa, hukubaliwa kuwa mfundishaji wa chuo kwa somo lile, na hufuata muhtasari uleule unaofuatwa huko. Watu wa chuo humtembelea darasani. Alama hutokana na insha za muhula mzima, zilizoandikwa, zikasomwa, zikarudishwa, zikaandikwa upya. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kutunga. Hata kwetu hakuna aliyekuwa mtunzi kwa asubuhi moja ya mwezi wa Mei. Alikaa karibu na anayejua, akatunga, akakosolewa, akatunga tena.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye mabega ya mwalimu. Profesa mwenye darasa la wanafunzi 20 aweza kuzisoma insha zao usiku mmoja. Mwalimu wa sekondari ana madarasa matano kwa siku. Hapa tunakutana tena na wale walimu wa English A na vijikaratasi vyao vya kila siku.

Na fedha? Masomo ya chuo nchini Marekani hulipiwa kwa kila krediti, na somo la uandishi kwa kawaida huwa na krediti tatu. Kwa familia isiyo na uwezo, kulimaliza skuli kwa ada ndogo, au bila ya ada pale ambapo serikali ya jimbo hulipa, ni nafuu ya kweli. Baadhi ya wanaonufaika wanazungumza Kiswahili: watoto wa Kikongo waliokulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani, ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu au ya nne. Kwao karatasi ile ya alama ni nauli ya safari. Lakini mpango ulianza na Andover na Exeter, na alama ya chimbuko lake haijafutika, maana skuli za matajiri zina masomo haya kwa wingi na skuli nyingi za mashamba hazina.

Vyuo navyo havikubaliani juu ya thamani yake. Dartmouth iliamua kuacha kuzihesabu alama za AP kuelekea shahada, kuanzia wanafunzi walioingia mwaka 2014. Vyuo vingi vya serikali za majimbo vinazipokea. Kwa hiyo mtihani mmoja, uliofanywa na kijana mmoja, unaweza kuwa na thamani ya muhula mzima katika jimbo hili, na kutokuwa na thamani yoyote katika chuo cha jimbo la pili. Tangu Mei 2025 mtihani huo wa utungaji huandikwa kwenye kompyuta, na msahihishaji haoni tena hati ya mkono wa mtoto.