Kabla ya Kasarani Kulikuwa na Wagalla

Aprili 2014 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nakaa kwa mathe huko Eastlands nikingoja kujua kama nitaenda chuo. Chini ya ploti yetu kulikuwa na duka la familia moja ya Wasomali. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake kwenye kitabu cha madeni. Ukurasa wetu ulisoma shilingi 640: unga, mafuta ya kupima, mkate, maziwa.

Usiku mmoja makarao walikuja na lori. Hawakugonga milango yote. Mwenye duka alitoka na kitambulisho mkononi, kitambulisho cha Kenya kama changu. Karao alikiangalia, akakitia mfukoni mwake, akamwonyesha lori. Sisi wengine tulisimama kwenye ngazi tukiangalia. Asubuhi jirani mmoja, mtu wa kanisa letu, akasema, "Sasa deni zimeisha." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Nimebeba kicheko hicho kwa miaka mingi, na ndicho kilichonifanya nianze kusoma historia ya Kaskazini Mashariki. Nilitaka kujua kama kuna Mkristo wa nchi hii aliyewahi kusimama mahali kama pale na asicheke.

Wacha niseme ukweli wote kwanza, kwa sababu hofu yetu haikuwa ya kubuni. Nchi ilikuwa vitani. Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia, na Al-Shabaab wakaleta vita nyumbani. Tarehe 1 Julai 2012 walishambulia makanisa mawili Garissa wakati wa ibada, wakaua watu 17. Septemba 2013 ikawa Westgate. Machi 2014 waumini walipigwa risasi kanisani Likoni. Siku chache baadaye mabomu yakalipuka Eastleigh, watu sita wakafa. Kanisani kwetu tulianza kukaguliwa mlangoni na kile kifaa kinacholia. Kwenye matatu, mama mwenye buibui akiingia na begi, watu walikuwa wanashuka steji isiyo yao. Mimi nimeshuka mara mbili.

Ndipo ikaja Operesheni Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi pamoja. Wengi walipelekwa uwanja wa Kasarani. Uwanja wa mpira ukageuka kuwa mahali pa kuchuja binadamu. Jumapili ile kanisani tuliombea vyombo vya usalama. Hakuna aliyemwombea mwenye duka, ingawa nusu ya waliokuwa kwenye viti walikuwa kwenye kitabu chake.

Mtu ataniambia hayo yalikuwa mambo ya kabila, si ya dini. Sawa, kwenye karatasi za serikali labda. Lakini midomoni mwetu maneno yalikuwa yameshikana. Tukisema "Waislamu" tulimaanisha Wasomali, na tukisema "wariah" tulimaanisha gaidi. Hakuna aliyejisumbua kutenganisha.

Nilipoanza kusoma niligundua kwamba Kasarani haikuwa mara ya kwanza. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vilikoma 1967, lakini sheria zile zilibaki hadi 1991. Yaani kizazi kizima cha Wakenya kilizaliwa na kuoa chini ya sheria za vita bila vita. Mwaka wa 1989 Wasomali wa Kenya walichujwa na kupewa kadi nyingine ya rangi ya waridi, ili wathibitishe mara ya pili kwamba ni Wakenya. Na katikati ya hayo kuna Wagalla.

Februari 1984, wanajeshi na polisi walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir na vijiji vya karibu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyang'anya bunduki, kwani kulikuwa na mapigano ya koo. Walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi kwenye kokoto zilizochomwa na jua. Walikaa hivyo siku baada ya siku, bila chakula na bila maji. Wengine walipigwa risasi, wengine wakafa kwa kiu. Miili ikatupwa porini. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Miaka 29 baadaye, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilionyesha kwamba idadi hiyo ilikuwa mbali kabisa na ukweli. Waathiriwa wenyewe wamekuwa wakihesabu kwa mamia, hata maelfu.

Hapo ndipo nilikutana na Annalena Tonelli.

Annalena alikuwa Mwitaliano, mzaliwa wa Forlì, 1943. Alisomea sheria. Alikuwa Mkatoliki wa kusali kweli kweli, lakini hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika la watawa. Alikuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 akafundisha, kisha akaenda Wajir kukaa na wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule tiba ilichukua zaidi ya mwaka, na mfugaji anayehama hawezi kungoja hospitalini muda wote huo ngamia wake wakipotea. Akihisi nafuu, anaondoka. Kikohozi kinarudi kikiwa kibaya zaidi. Annalena alifanya jambo rahisi: wagonjwa wajenge manyatta karibu na mji, wakae na jamaa zao, na kila mmoja ameze dawa akiangaliwa, kwa miezi sita. Ilifaulu. Leo kumeza dawa za TB mbele ya mhudumu ni jambo la kawaida duniani, na Wajir ni mojawapo ya mahali ilipojaribiwa mapema.

Hakuwauliza wagonjwa dini yao. Asingekuwa na haja, wote walikuwa Waislamu. Hakujaribu kuwabatiza pia. Aliishi kati yao kama walivyoishi, bila mali.

Wagalla ilipotokea alikuwa amekaa Wajir miaka kadhaa. Wanaume waliolazwa kwenye kokoto walikuwa baba na ndugu za wagonjwa wake. Alitoka na gari kwenda porini kuwaokota waliokuwa bado wanapumua, akazika waliokufa, na akasaidia majina na habari kufika nje ya nchi, wakati serikali ilitaka kusiwe na habari. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Alienda kufanya kazi ileile Somalia, na mwishowe Borama, Somaliland. Mwaka wa 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen. Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi Borama akafa.

Kuna watu wakisikia mwisho huo wanasema, "Si unaona?" Mimi naona kitu kingine. Annalena hakuwatendea watu wema kama biashara, ati nikupe dawa unipe usalama. Kama wema wetu unategemea watalipa nini, basi ni ule ukurasa wa kitabu cha madeni tu. Kilichonishika zaidi ni zile maiti na yale majina. Nguvu zote za vita hufanya kazi ya kuwageuza watu kuwa kundi: wale, wao, hao. Mwanamke huyu alirudisha watu mmoja mmoja. Huyu ni fulani, mwana wa fulani, na hivi ndivyo alivyokufa.

Nadhani hapo ndipo Mkristo anapopimwa wakati wa vita. Sisemi tusijilinde. Mwenye bomu ashikwe, apelekwe kortini, ushahidi uletwe. Lakini kumshika mtu kwa kilemba au kwa jina lake si ulinzi. Ni kuchuja, na kuchuja ndiyo silaha ya kwanza ya wale tunaowaogopa. Novemba 2014, karibu na Mandera, walisimamisha basi, wakatenga abiria, wakaua 28 ambao hawakuwa Waislamu. Aprili 2015 walifanya vilevile Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua 148. Hawawezi kuua wanavyotaka mpaka kwanza watutenge. Sisi kule ploti tulikuwa tumeshajitenga wenyewe kwa hiari.

Na Waislamu walijibu vipi? Baada ya makanisa ya Garissa kushambuliwa 2012, viongozi wao walikubaliana vijana wa Kiislamu walinde makanisa. Desemba 2015 basi lingine lilisimamishwa njia ya Mandera. Abiria Waislamu waliambiwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Wengi wetu tunajua kisa hicho kupitia filamu ya Watu Wote, iliyofika hadi kwenye Oscar. Tulitazama, tukalia, tukashare. Lakini mfano wa Msamaria ulipaswa kutufundisha zamani. Aliyesimama njiani alikuwa mtu wa dini nyingine, na watu wa kanisa walikuwa wamepita.

Swali ninalobaki nalo si kama ningeweza kuwa Annalena. Singeweza. Swali ni kwa nini sikuweza hata yale madogo: kwenda kituo cha polisi na kusema huyu namjua, ni jirani yangu, kubaki kwenye kiti cha matatu, kutaja jina lake kanisani. Hayo hayahitaji mtakatifu. Yanahitaji mtu mmoja asiyecheka.

Mwenye duka hakurudi kwenye ploti. Mkewe alikuja baada ya wiki mbili na pikapu, akabeba bidhaa zilizobaki. Alikuwa na kile kitabu mkononi. Mathe aliniambia nishuke nimsaidie kubeba, lakini nilijifanya nimelala. Hakugonga mlango wa mtu yeyote kudai.

Shilingi 640 bado hatujalipa.