Busaa: Inavyopikwa, inavyoonjwa na inavyotofautiana na chang'aa

BUSAA ni pombe ya nafaka ambayo imepikwa kwa vizazi vingi magharibi mwa Kenya, hususan miongoni mwa Waluhya, Wajaluo, Wateso na baadhi ya jamii za Wakalenjin, na ambayo siku hizi hunywewa pia katika mitaa mingi ya miji mikubwa. Rangi yake ni ya kahawia hafifu, uzito wake ni kama wa uji mwepesi, na kileo chake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 4, yaani chini kidogo ya bia ya chupa iliyozoeleka nchini. Hata hivyo, jina lake hutajwa mara kwa mara sambamba na lile la chang'aa, hasa katika taarifa za misako ya polisi, kana kwamba vinywaji hivyo viwili ni kitu kimoja. Mkanganyiko huo umewaponza watu wa pande zote mbili: wapishi waliotiwa mbaroni kwa kinywaji hafifu pamoja na wauzaji wa sumu, na wanywaji wanaodhani kwamba chochote kitokacho kwa mpishi wa mtaani ni salama maadamu kinaitwa cha kienyeji.

Kazi ya kupika busaa huanza na kimea, wala si unga wa mahindi kama wengi wanavyofikiri. Punje za wimbi huloekwa kwa siku nzima, zikachujwa maji na kufunikwa kwa gunia lenye unyevu mahali penye joto hadi zichipue. Baada ya siku mbili au tatu, machipukizi yakishaonekana, wimbi hilo huanikwa juani likakauka kabisa, kisha husagwa. Kuchipua huko ndiko kunakoifanya mbegu itoe vimeng'enya, yaani viini vyenye uwezo wa kuuvunja wanga ukawa sukari. Chachu haili wanga, hula sukari. Kwa hivyo unga wa mahindi usiotiwa kimea ungeweza kuwa mchungu na mkali kwa ulimi, lakini usingekuwa pombe ya kutajika. Wako wapishi wanaotumia mtama badala ya wimbi, ingawa wimbi ndilo linalosifiwa zaidi kwa ladha.

Wakati kimea kinakauka, unga wa mahindi hukandwa kwa maji kidogo hadi uwe donge gumu, ukafunikwa na kuachwa uchache kwa siku mbili au tatu. Donge hilo halipikwi kwa maji. Hukarangwa. Mpishi huweka bati pana au karai kubwa juu ya moto wa kuni, akalimenyamenya donge na kuligeuza bila kupumzika mpaka liwe chenga za rangi ya kahawia. Chenga hizo huitwa mkarango, na hapa ndipo penye ufundi wote wa busaa. Zikitolewa mapema, pombe huwa nyeupe na yenye ladha ya unga mbichi. Zikiachwa zikaungua, uchungu wa masizi huingia na hakuna kiasi cha kimea kitakachouondoa. Harufu ya mkarango husambaa mbali sana, jambo ambalo limewasaliti wapishi wengi kwa chifu na askari wake.

Mkarango ukishapoa hutiwa katika mtungi au pipa safi, ukaongezwa maji na kimea kilichosagwa, kisha hufunikwa. Katika kipindi cha siku mbili hadi nne, ikitegemea joto la mahali, mchanganyiko huanza kufoka mapovu na kutoa sauti ya kuchemka ingawa haupo motoni. Mpishi mzoefu huinamisha sikio juu ya chombo badala ya kutazama saa. Sauti ikianza kufifia, pombe huchujwa kwa kitambaa au mfuko uliofumwa, na kinachosalia ni machicha ambayo hulishwa nguruwe na kuku. Busaa iliyochujwa haina muda mrefu. Kwa kuwa chachu na bakteria zingali hai ndani yake, huendelea kuchacha, na baada ya siku chache huwa chachu mno kunyweka.

Ikumbukwe kwamba busaa huchacha mara mbili, na kila mara kwa namna tofauti. Donge la mahindi huchachushwa hasa na bakteria wa asidi ya maziwa, wale wale wanaoyafanya maziwa kuwa mala, na hao ndio huleta ukali wa kwanza. Mchacho wa pili, wa ndani ya pipa, ni wa chachu zinazoigeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni, bakteria wakiendelea na kazi yao kando. Asidi hiyo ina faida yake. Vijidudu vingi viletavyo maradhi ya tumbo haviwezi kustawi katika kinywaji kichachu namna hiyo, ila manufaa hayo hupotea pale busaa inapozimuliwa kwa maji machafu baada ya kuiva, tabia ambayo wauzaji wenye haraka ya pesa wanaijua vyema. Waswahili hawakusema bure kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Namna ya kuinywa hutofautiana. Wateso wa Kaunti ya Busia, ambao pombe yao ya wimbi huitwa ajon, huketi kuzunguka chungu kimoja na kuvuta kwa mirija mirefu yenye kichujio kwenye ncha, maji moto yakiongezwa kila kinywaji kinapopungua. Maji hayo hayaletwi kwa ajili ya kuongeza wingi tu. Huamsha harufu ya nafaka na kutoa kileo kilichobaki katika machicha, hivi kwamba ladha ya mtungi mmoja hubadilika kutoka saa hadi saa. Miongoni mwa Wabukusu, ambao hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, busaa si kiburudisho cha wageni peke yake. Kijana mwenyewe humimina maji kwenye chungu cha pombe ya sherehe yake. Ndiposa marufuku ya busaa haijawahi kuwa suala la ulevi tu katika maeneo hayo.

Kwa mtu anayetaka kuionja kwa makini, kama wanavyofanya wapenzi wa bia zinazopikwa katika viwanda vidogo vya Nairobi, la kwanza ni kuitikisa. Busaa huweka mashapo, na kikombe kilichotekwa juu juu hakisemi ukweli wa mtungi. La pili ni pua. Busaa njema hunukia mahindi ya kuchoma, mkate uliookwa na ukali mdogo kama wa uji uliochachushwa. Harufu kali ya siki maana yake imepitwa na wakati. Harufu ya ukungu au gunia bichi maana yake kimea hakikukauka vizuri. Mdomoni, ukali ndio utangulie, ufuatwe na utamu hafifu wa wimbi, halafu uchungu mdogo wa mkarango ubaki nyuma ya ulimi. Kinywaji kikiteleza kama utelezi wa bamia, kimeingiliwa na bakteria wasiohitajika. Kikiunguza koo, kuna kitu kimetiwa, kwa kuwa kileo cha asilimia 4 hakina uwezo wa kuunguza koo la mtu mzima.

Wapo wanaoidharau ladha hiyo kwa kuona kwamba pombe chachu ni pombe iliyoharibika. Dharau hiyo haina msingi. Nchini Ubelgiji, karibu na jiji la Brussels, hupikwa bia iitwayo lambic ambayo huachwa wazi ili chachu na bakteria za hewani ziingie zenyewe, na ukali wake ndio unaowafanya watu wailipie ghali. Ujerumani nayo ina gose, bia chachu yenye chumvi inayohusishwa na mji wa Leipzig. Tofauti kubwa baina ya pombe hizo na busaa haiko ulimini. Iko katika leseni, maabara na chupa.

Hatari halisi ya busaa huanzia ghalani. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho na ambayo kukaranga wala kuchachusha hakuiondoi kabisa. Kenya iliionja sumu hiyo mwaka 2004, pale watu 317 walipougua na 125 wakafa katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Licha ya hayo, ingali desturi katika boma nyingi kutenga mahindi yaliyooza na kuyapeleka kwa mpishi wa pombe, ati kwa vile hayafai kwa ugali. Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa busaa. Vivyo hivyo kwa vyombo: pipa lililowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta ya mitambo halisafishiki kwa sabuni.

Chang'aa ni habari nyingine. Hutokana na mchacho kama huo wa nafaka au sukari, lakini huchemshwa ili mvuke wa kileo unaswe na kupozwa, na hivyo huwa na nguvu mara nyingi zaidi ya busaa. Hata hivyo, misiba mikubwa iliyotikisa taifa haikuletwa na mtambo wa kijijini peke yake, bali na methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wafanyabiashara huongeza ili kinywaji kionekane kikali kwa gharama ndogo. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walikufa jijini Nairobi, wengi wao katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Machakos ilipatwa na msiba kama huo mwaka 2005. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo, na Februari 2024 zaidi ya watu 10 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga.

Methanoli haitambuliki kwa kuonja, wala kwa kuwasha kibiriti na kutazama rangi ya moto kama wanavyodai baadhi ya wanywaji. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho, na kiasi kidogo cha mililita 10 kinaweza kumpofusha mtu. Ubaya zaidi ni kwamba dalili huchelewa kwa saa 12 hadi 24, hata mwathiriwa akadhani amelewa tu: kizunguzungu, maumivu ya tumbo, kutapika, pumzi za haraka, kisha macho kuona ukungu mweupe. Anayeona dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja, bila kungojea alale ili pombe imtoke. Madaktari wana dawa ya kuzuia methanoli isigeuke kuwa asidi na mitambo ya kusafisha damu, lakini vyote viwili hutegemea muda.

Sheria nazo zimeyumba. Katika miaka ya 1920, wakoloni wa Nairobi waliitwaa biashara ya pombe ya Waafrika na kuiuza wenyewe katika ukumbi wa Pumwani, huku wanawake waliopika majumbani wakikamatwa. Baada ya uhuru, mwaka 1980 lilipitishwa katazo la chang'aa. Katazo hilo lilidumu miaka 30 na halikuimaliza. Liliisukuma vichochoroni tu, kwa akina mama pima na kwa wenye methanoli. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza Senator Keg, bia ya mapipa iliyopunguziwa ushuru na serikali ili kuwavuta wanywaji wa kipato cha chini kutoka kwa pombe haramu. Pale serikali ilipokubali kwamba bei ndiyo iliyowapeleka watu kwenye sumu, hatua hiyo ilieleweka zaidi kuliko misako mingi iliyotangulia.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la Mututho kutokana na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilifuta katazo la chang'aa na kuruhusu itengenezwe na wenye leseni, kwa viwango vilivyowekwa na kwa kupakiwa katika chupa. Ilikataza pia kumuuzia pombe aliye chini ya umri wa miaka 18 na kuweka saa za baa, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Misako haikukoma hata hivyo. Ule wa Julai 2015, ulioamrishwa na Rais Uhuru Kenyatta katika eneo la Kati, uliishia kwa umati kuvamia baa na maghala na kumwaga vinywaji, vingine vikiwa vya wenye leseni.

Tangu Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa mpishi wa mitungi miwili kwa wiki, kikwazo si ada pekee. Chupa, vipimo vya maabara na nembo ya ubora ni mambo yaliyopangwa kwa kiwanda, si kwa mama mwenye karai na kuni, na kinywaji kinachoharibika baada ya siku chache hakiwezi kungoja majibu ya maabara ya Nairobi. Mpishi anayetaka kuifuata njia ya sheria hana budi kuanzia katika ofisi ya leseni ya kaunti yake ndogo kabla ya kuloweka wimbi, na mnywaji ana haki ya kuuliza kimea kilitoka wapi, mahindi yalikuwa ya msimu gani, na mtungi ulichujwa siku ipi.