Mahame ya Amani

Mwaka 2009 Christopher Payne, mpiga picha wa Marekani, alitoa kitabu cha picha za hospitali za wagonjwa wa akili zilizofungwa nchini mwake. Mojawapo ya picha hizo inaonyesha miswaki ya wagonjwa ikiwa bado imetundikwa kwa mpangilio. Mwaka 1955 hospitali za aina hiyo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya nusu milioni. Dawa mpya, sera mpya na bajeti finyu zikazimaliza, yakabaki majumba ya matofali na watu wa kuyahurumia. Ajabu ni kwamba hata baadhi ya waliopitia mateso mle huyakumbuka majengo hayo kwa mapenzi fulani, na waliowahi kufanya kazi pale huzitazama picha hizo kama anayetazama picha ya marehemu.

Na sisi tunayo mahame yetu. Katikati ya miaka ya 2010 Evgenia Arbugaeva, Mrusi aliyezaliwa katika mji wa Tiksi kule Aktiki, alipanda milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, akapiga picha kituo cha utafiti cha Amani: maabara ndani ya msitu, ukungu, na mzee mmoja aliyekuwa msaidizi wa maabara enzi za watafiti Waingereza, ambaye hakuacha kumkumbuka bosi wake, bingwa wa wadudu. Picha ni nzuri mno, na hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi nazo. Anayezitazama akiwa London hudhani ameona mwisho wa jambo, kumbe Amani imehamwa mara tatu.

Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakaiita taasisi ya biolojia na kilimo. Walifyeka msitu, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto ili wajue upi utalipa: mikwinini, kahawa, miti ya mbao, mpira. Reli ndogo ilifika Sigi, chini ya mlima. Vita vya kwanza vya dunia vilipoitenga koloni na Ulaya, kituo kikageuka kiwanda na kutengeneza kwinini kwa ajili ya askari. Mwaka 1916 Waingereza wakafika, Wajerumani wakaondoka. Huko ndiko kuhamwa kwa kwanza, na kwa miaka kumi hivi bustani iliachiwa magugu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walikifufua kiwe kituo cha kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi chenye uzito kuliko vyote, ingawa hakuna anayekipigia picha. Mihogo ya pwani ilikuwa inaangamizwa na batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano hadi mkulima anavuna mizizi isiyojaza kikapu. H. H. Storey na R. F. W. Nichols wakaamua kuuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini. Ndugu huyo hakutafutwa mbali. Alikuwa ule ule mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa maelfu ya hekta, kisha bei ikaporomoka kwa ushindani wa mashamba ya Asia, miti ikabaki imesimama bila mwenyewe. Chavua ya mti uliotelekezwa ikatiwa kwenye ua la muhogo. Watoto wa kwanza walikuwa na mizizi myembamba isiyofaa kitu, kwa hiyo wakarudishwa kwa muhogo tena na tena, kizazi baada ya kizazi, hadi ukapatikana mmea unaostahimili ugonjwa na bado unalika.

Baada ya vita vya pili wataalamu wa kilimo walihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Kuhamwa kwa pili. Safari hii nyumba hazikukaa tupu, kwani watu wa malaria waliokuwa Muheza walipanda mlimani na kuzichukua. Kutoka Amani waliongoza kazi ya kupambana na malaria huko Pare na Taveta, ambako kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin. Malaria ilishuka sana, na dawa iliposimamishwa ikarudi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikikiendesha kituo, ikavunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 ikaundwa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, na kituo kikawa chake. Shughuli zikateremka Muheza polepole: leo gari, kesho darubini, keshokutwa mtafiti mwenyewe. Kuhamwa huku kwa tatu hakuna tarehe. Waliobaki waliendelea kufyeka nyasi na kutunza maktaba, maana ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Hapo picha zinadanganya kidogo. Mzee anayesifia enzi za Waingereza huchukuliwa haraka kuwa anautamani ukoloni. Sidhani. Mtu aliyefundishwa kumtambua mbu kwa mabawa yake, akapokea mshahara mwisho wa mwezi na kujua kazi yake inasomwa mahali fulani, anachokitamani ni kuhitajika. Vivyo hivyo kwa muuguzi aliyezeeka wa zile hospitali za Marekani. Wala utamu huo hauondoi uchungu: katika ripoti za miaka ile jina la mtafiti lipo juu, na wale waliokesha wakikamata mbu, mara nyingi wakitumia miguu yao wenyewe kuwa chambo, kwa kawaida hawatajwi.

Bustani nayo haikusubiri ruhusa ya mtu. Maesopsis eminii, mti ulioletwa hapo kabla ya vita vya kwanza, umesambaa msituni hadi wahifadhi wanahangaika nao. Na mihogo ya Storey na Nichols? Mbegu zake zilifika Nigeria, zikawa msingi wa uzalishaji wa aina mpya huko Ibadan kuanzia miaka ya 1970, na vizazi vyake vimepandwa katika nchi nyingi za Afrika, na wengi wanaovila hawajawahi kulisikia jina la Amani.